Kilo za Mama Haziwahusu

Jumamosi, jioni. Joto imekaa juu ya Kabondo, mutaa wetu, tangu asubuhi, mawingu yamejaa lakini mvua inafanya maringo. Hasira yangu imejaa kuliko mawingu.

Kwanza mujue munasoma nani. Mimi ndiye miguu ya kwanza Kisangani yote, na ng'ambo ya muto mukihesabu ndani. Siku moja nilibeba kwa velo, baiskeli yangu, mama moja mukubwa, gunia yake ya mihogo na mbuzi juu ya gunia, toka soko mupaka kupita daraja ya Tshopo, na aliyeomba tupumzike ni mbuzi. Wangetandika barabara juu ya maji, ningefika Kinshasa mbele ya boti. Boti ingenikuta nimeshaoga, nimekula, nimeoa.

Wananiita Katapila. Jina hilo sikujipa. Bon, nilijipa, lakini watu walikubali.

Kazi yangu ni toleka, kubeba watu kwa velo. Vijana wa moto, wale wa pikipiki, wanatucheka sisi wa pedali, wanasema tumebaki nyuma. Lakini siku essence, petroli yao, inakosa muji muzima munaona nani anasukuma chuma yake kwa mikono, jasho ikimutoka, na nani anapita akipiga kengele. Mimi ninapiga kengele mara mbili, kusudi asikie vizuri.

Kusoma niliachia katikati. Walimu walisema mudomo yangu inajibu kabla kichwa haijasikia swali. Sikubishana nao, walikuwa na haki. Mungu alinipa vitu mbili bila kupima, miguu na mudomo. Na hakuna mutu ameshanifunga mudomo. Si mwalimu, si polisi wa magari kwenye rond-point, si pasteur.

Wekeni neno hilo pembeni. Nitalirudia, hata kama sitaki.

Leo niko na watu wa kusema vibaya, na wako wengi, donc mukae.

Mama yangu anauza lituma kwenye kona ya avenue, barabara ya kwetu. Kama unatoka mbali na haujui, ni ndizi ya kupika, anaitwanga mupaka inalainika, anaiviringa na mukono, anakuwekea samaki na pilipili pembeni, na unasahau madeni na dhambi. Mama alikuwa mukubwa. Sisemi mukubwa kwa heshima, ninasema kwa mwili. Akishika muchi, kinu ndiyo ilikuwa inaogopa. Watu walikuwa wanakaa kwenye benchi yake bila kuuliza kuna nini ndani ya sufuria. Walitazama mikono yake tu, wakaketi. Na mimi nilikuwa na kiburi. Wengine wana baba mwenye duka, mimi nilikuwa na mama anayeonekana tangu kona ingine.

Halafu siku moja akaanguka kando ya kinu.

Hakuteleza. Alisimama na muchi mukononi, akasema macho inaona giza, akaenda chini polepole kama gunia iliyokatwa kamba. Wateja wakamumwangia maji. Mimi nikamuweka kwa velo, nikamukimbiza kwenye centre ya afya.

Walisema ni tension, damu inapanda. Infirmière, muuguzi wa pale, ni mwanamke mufupi, sauti kavu, hacheki na mutu. Akasema moyo ya mama inasukuma muzigo inayoizidi, na muzigo ni mwili yake mwenyewe. Mimi nilielewa haraka, kwa sababu hiyo ni habari ya velo: unapakia mingi juu ya tairi ndogo, siku moja utasikia puu. Akamupa dawa ya kumeza kila asubuhi bila kuruka. Akamuambia apunguze chumvi, mafuta ya mawese isiogelee tena ndani ya sahani, atembee kwa miguu, kilo zishuke polepole. Na kila Jumamosi arudi kupimwa.

Donc kila Jumamosi nilimubeba. Kati ya kwetu na centre kuna kupanda kule nyuma ya kanisa, na mwanzoni nilikuwa ninapanda pale nikiona nyota muchana. Ukisema umesoma hivyo hapa, nitakana.

Lakini kilo zilianza kushuka, na mimi nilijua mbele ya mizani. Miguu yangu iliniambia. Wiki moja pedali ilikuwa nzito kidogo tu, wiki ingine nilipanda nikipiga mluzi. Halafu ikafika siku mama alisema simamisha, akashuka, akapanda kule juu kwa miguu yake, kando yangu, akinieleza habari ya ndoa ya watu bila kukata pumzi. Nyumbani akaanza tena kuimba wakati wa kutwanga. Akaacha kulala ameegemea ukuta. Hata yule infirmière alicheka siku moja. Meno yake niliiona kwa macho yangu.

Tungeachwa hivyo, leo ningekuwa ninaandika habari ya mpira.

Avenue ikafungua mudomo.

Hapa kwetu ukitaka kumufurahisha mutu unamuambia: umeongeza mwili. Umekonda ni neno la kusemea nyuma ya mutu. Wakikuambia mbele ya macho, ujue kule nyuma wameshapanga viti vya matanga.

Aliyeanza ni Mama Kavira. Ni mama wa Butembo, anauza muchele na mafuta kwa jumla mbele ya kona yetu, misa ya kwanza kila Jumapili hakosi, lakini masikio yake inafanya kazi hata padri akiwa anabariki. Akasimama kwenye mulango wa duka, wateja wa mama wakiwa wameketi, akasema kwa sauti ya huruma, ile huruma inayosikika mupaka kwenye pompe ya maji:

"Mama, unatukimbia? Kila wiki kipande yako ingine inabaki njiani."

Mama alicheka. Wateja hawakucheka. Kesho yake mutu aliyekula lituma ya mama tangu tumbo ya mama yake, alinusa mbele ya kuweka mudomoni. Alinusa! Wengine wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa mupishi mwingine, mwenye mikono minene na lituma yenye mawe. Sijasema jina yake. Anajijua.

Halafu wakaanza kutafuta jina ya ugonjwa, na waliitafuta kama watu wanaotafuta jina ya mutoto, kila mutu na pendekezo yake. Mama za kikundi cha sala walikuja na Biblia kwapani, wakasema watafunga kula pamoja naye, ili Mungu amurudishie mwili. Musome tena, sijakosea. Kufunga kula, ili anone. Niliwauliza kama kwao wanazimaka moto na petroli. Wakaniombea na mimi.

Na vijana wa moto, wale wa kona. Mumoja wao, kichwa kama nazi, mbele ya abiria wangu: "Katapila, mama yako unamukausha juu ya moshi? Utamuuza kwa kilo ao kwa kipande?"

Nilimujibu. Jibu siandiki, kwa sababu mama yake ni mutu muzuri na hakustahili kuingia ndani.

Munaona? Niliwajibu wote. Hakuna aliyelala na neno la mwisho.

Mupaka Tonton alipofika.

Tonton ni kaka mukubwa ya mama, anakaa Barumbu, kule chini kwenye muto, anapanda na boti mara kwa mara kuuza samaki ya moshi. Akafika na kikapo begani, akasimama kwenye mulango, akamuangalia mama, na machozi ikatoka mbele ya salamu. Akaweka kikapo chini. Hakumuita mama. Aliniita mimi, katikati ya kiwanja, watu wakiwa wanapita.

"Nilikuachia dada yangu mzima," akasema. "Hii unanionyesha ni nusu. Nusu ingine uliipeleka wapi?"

Nikamueleza tension, moyo, muzigo. Nikamueleza habari ya tairi. Niliongea vizuri sana, nilishangaa mwenyewe.

"Tension ni ya watu wa magari," akasema. "Sisi tunakulaka."

Mama akajaribu kusema kwamba anajisikia vizuri, kwamba kichwa haimuume tena. Tonton akamuambia anyamaze, anamutetea mutoto. Akasema akirudi tena na kumukuta hivi, atamupandisha kwenye boti, atamurudisha Barumbu kwa watu wake. Na akaongeza, polepole, kama mutu anayefunga mulango: "Mutoto anayeshindwa kulisha mama yake, hatumuachie mama."

Mama Kavira alikuwepo. Alikuja kuomba kichujio, kitu ambacho mupaka leo hajakichukua.

Bon. Mimi ninayebeba mama za watu muji muzima. Mimi Katapila. Walinisema mbele ya avenue kwamba mama yangu ninamuacha na njaa.

Tonton akashuka na boti yake. Mimi siku ile ile, mbele ya giza kuingia, nilipita kwa mama wa mikate, nikapita kwa mwenye kukaanga nguruwe, nikachukua ile yenye mafuta, ile ngozi yake inalia kwenye meno. Nikafika nyumbani, nikaweka mbele ya mama.

Akaangalia sahani. Akasema infirmière alikataza.

Nikamuambia infirmière hakai kwenye avenue yetu.

Akakula. Alikula polepole, akiniangalia mimi, si nyama. Na mimi niliketi mbele yake, mikono juu ya magoti, kama chef wa kijiji anayepokea kodi. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Kesho yake nikaleta tena. Kesho kutwa, mosaka ya kuku, ile supu ya mawese nzito inayosimamisha kijiko. Siku hakuwa na hamu, nilimuambia nimetoa jasho siku nzima kwa ajili yake. Akavuta sahani.

Mutu gani atanihukumu kwa kumuletea mama yangu chakula? Asimame, nimuone.

Na dawa ilikuwa anameza. Wakati mwingine.

Avenue ikatulia. Nilianza kumuzungusha mama kwa velo, nikipita njia ndefu, mbele ya pompe, mbele ya kikundi cha sala, mbele ya kichwa ya nazi na moto yake. Mama Kavira akatoka kwenye mulango na mikono hewani. "Aa, mama, umeongeza mwili! Tulikuwa na woga." Mama akasema merci, akamushukuru. Wateja wakarudi kwenye benchi, na wa kunusa akaacha kunusa. Nilipiga kengele mara tatu.

Ni kweli, kuimba kwenye kinu kuliisha. Nilisema anachoka na kazi, wateja wamekuwa wengi.

Ni kweli pia, kule nyuma ya kanisa hakushuka tena. Alikuwa anakaa nyuma yangu, anapumua kwenye mugongo yangu kama mutu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Na pedali ilinirudishia zile nyota za muchana. Mama akauliza mbona ninasimama katikati ya kupanda. Nikamuambia chaîne, munyororo ya velo, imekauka, inataka mafuta.

Miguu hii ambayo ninajisifia. Iliniambia kila kitu, wiki zote, na mimi nililaumu chaîne. Jumamosi mbili hatukuenda hata kwenye centre, nilisema niko na abiria wa mbali.

Leo tulienda, kwa sababu mama aliniomba. Alisema kichwa yake inapiga ngoma upande moja.

Benchi ilikuwa imejaa. Mama akavua viatu, akapanda juu ya mizani. Infirmière akaangalia, akamuambia ashuke, apande tena. Akaangalia tena. Halafu akamufunga ile mupira ya tension kwenye mukono, akapiga hewa, akasikiliza, akafungua, akafunga kwenye mukono mwingine. Akaandika kwenye karatasi.

Mudomo yangu ikaanza kazi yake. Nilisema mizani yao imezeeka, iliona wakoloni. Nilisema mvua imeingia ndani, ndiyo maana sindano inacheza rumba. Nilisema mimi ninabeba watu kila siku, wakitaka mizani ya kweli niketi pale niwabebe mumoja mumoja. Benchi ikacheka. Mama mumoja akapiga mikono. Nilikuwa ninapendeza.

Infirmière hakucheka. Akamuangalia mama machoni.

"Mama, nani anakupa chakula ya hivi?"

Nilikuwa nimesimama pale. Ningeweza kumugusa kwa mukono. Na mama hakunigeukia, hata kidogo. Alikuwa anafunga kitambaa chake kwenye kichwa.

"Hakuna mutu," akasema. "Ni mimi. Ninakula ile ya kwenye sufuria, nikimaliza kuuza. Mutoto hajui kitu."

Infirmière akamukemea. Mbele ya benchi yote, mama yangu, mwenye kuzaa, mwenye kona yake, alikemewa kama mutoto aliyeiba sukari. Kwamba hana nidhamu. Kwamba anafikiri dawa ni pipi. Kwamba tension ya leo imepita ile ya siku ya kuanguka, na akianguka tena huenda ataamuka na upande moja tu ya mwili, ao hataamuka. Mama aliinamisha kichwa. Alisema ndiyo, sœur, ndivyo tunamuita infirmière. Alisema nisamehe, sœur. Wale waliocheka na mimi walikuwa wanamuangalia sasa yeye, kwa macho ya Mama Kavira.

Halafu infirmière akanigeukia. Sauti yake ikalainika, mara ya kwanza tangu ninamujua.

"Wewe unamuleta kila mara kwa velo, na jua hii," akasema. "Wewe ni mutoto muzuri. Umuangalie, asikudanganye."

Mama hakukubali kupanda velo kurudi. Alisema atatembea, ndivyo alivyoambiwa. Nilisukuma velo nyuma yake tangu centre mupaka nyumbani, na kila akisimama kupumua, nilisimama. Mama Kavira akamusalimia tena juu ya mwili yake. Mama akajibu vizuri. Mimi sikupiga kengele.

Sasa hivi amelala, mulango wazi kwa sababu ya joto. Ninamusikia kupumua toka hapa ninapoandika. Chakula ya leo alijipikia mwenyewe, majani na samaki kidogo, na mimi hakuniuliza kama nimeleta kitu.

Ninasoma tena niliyoandika juu. Nimetukana nusu ya Kabondo. Mama Kavira, vijana wa moto, kikundi cha sala, Tonton, hata mizani. Na sitafuta, kwa sababu mudomo yao ni mubaya kweli. Lakini hakuna kati yao aliyesimama leo kando ya mama, karibu ya kumugusa. Nguruwe ningeweza kuisamehe, nilikosea nikitaka avenue inione. Ile si kitu kibaya zaidi.

Niliulizwa bila kuulizwa, na mudomo ambayo hakuna mutu ameshafunga, mama yangu aliifunga kwa uongo moja, na mimi nikaiacha ifungwe. Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi. Nilikuwa na nafasi hata baada ya yule kunisifu. Benchi yote ilikuwa inangoja niseme kitu.

Nilisema: "Merci, sœur."